Mbu wa Nyumba ya Mama Chebet

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kericho, kwenye mashamba ya chai, ambako mvua haijui kuchoka.

Leo tumeshika mbu wa malaria ndani ya nyumba ya Mama Chebet, huku juu kwenye baridi ambako tuliambiwa hawezi kuishi. Wenzangu wa taasisi ya utafiti walipiga makofi. Mama Chebet, aliyemzika binti yake Chebet juzi, alinimiminia mursik, maziwa yao ya mgando, kisha akachungulia kichupa changu chenye yule mbu.

“Mtoto alikuwa anatetemeka, nikafikiri ni baridi tu, nikaongeza kuni. Ni huyu aliyemuuma Chebet?”

Nilikunywa maziwa yake.

Nimewakumbuka sana watoto wangu. Wafungie neti mapema, Mama, hata wakilalamikia joto la huko ziwani.

Mwanao,
Akinyi