Ladi ni Kosa Langu

Ndalu, Jumamosi, Agosti 2006

Si angesema tu ukweli, bana. Kuweka jina lake peke yake kwenye jalada nilikuwa nimeshameza.

Lakini leo huko Kitale, Njoroge akiuza kitabu chake kipya cha katuni, mtoto mmoja amemuuliza mbele ya watu kwa nini shujaa anayerusha umeme anaitwa Ladi na si Radi. Njoroge akacheka. "Msichana wangu mdogo ndiye alikuwa anatamka hivyo." Watu wakapiga makofi.

Huyo msichana hakuwa amezaliwa! Tulikuwa darasa la saba, dawati moja. Mimi ndiye nilimchora yule shujaa kwenye daftari la hesabu, nikamfunga gunia la mahindi shingoni, nikaandika jina vile sisi watu wa Bungoma tunavyolitamka. Njoroge alinicheka muhula mzima. "Ati Ladi!"

Sasa watoto wa mtaa wa Kipsongo, hapo Kitale, wanajifunga magunia shingoni na kuruka mitaro wakiita jina hilo.

Leo Njoroge aliniona kwenye foleni. "Niaje, mwalimu! Umekuja kununulia wanafunzi wako?"

Nikanunua. Hata sijui kwa nini nili...

Jioni nimesahihisha insha za darasa langu. Mmoja ameandika, "Ladi ilipiga ng'ombe wa babu." Nimelikata hilo neno kwa wino mwekundu na kuandika "Radi" juu yake, kwa mkono uleule uliompa shujaa jina.