Tawi Jekundu la Verna Mdogo

Jumapili, 14 Julai

Matumba kumi na moja! Nimehesabu mara mbili.

Verna Mdogo ni waridi fupi, kichaka chake kinanifika magotini tu, lakini kila ua ni jeupe lenye michirizi myekundu, na hakuna maua mawili yanayofanana. Bi Pruitt, anayenifundisha kutunza waridi, alinipa miaka miwili iliyopita, kikiwa kijiti tu. Nilikipanda kwenye nusu pipa ukutani upande wa kusini. Halimo tena kwenye orodha za wauzaji. Watu wa bara wamelisahau.

Lakini leo kuna jambo. Chini kabisa, karibu na udongo, limetoka tawi nene kuliko mengine yote. Ua lake la kwanza limefunguka. Jekundu tupu. Hata mchirizi mmoja hamna.

Bibi alitoka na kikombe chake cha kahawa akaliangalia muda mrefu.

"Hilo sasa ndilo waridi," akasema. "Hayo mengine ni soksi za baharia."

Jumatano, 17 Julai

Bi Pruitt amekuja. Alifanya kazi posta miaka thelathini na hufundisha kama anayegonga mihuri. Hata hakuketi.

Anasema waridi la michirizi mara nyingine humkumbuka babu yake. Babu alikuwa mwekundu. Tawi linalomkumbuka huwa na nguvu, hula chakula cha wenzake, na baada ya miaka miwili kichaka kizima huwa chekundu. Michirizi kwaheri.

"Likate. Mpaka shinani. Leo."

Bibi alikuwa dirishani. "We mwanamke wa posta! Unamfundisha mjukuu wangu kukata kizima na kuacha kigonjwa?"

"Namfundisha kutunza alichopewa, Helmi."

"Basi mfundishe kwenye bustani yako."

Sikukata. Niliona aibu kukata mbele ya Bibi. Sasa naona aibu kwamba sikukata.

Jumatatu, 22 Julai

Mambo yamekuwa wazi leo, kwenye chakula cha jioni. Mama yuko zamu hospitalini, tulikuwa wawili tu.

Nyumba yetu ina mahali pamoja tu penye jua na pasipofikiwa na upepo wa chumvi. Ni pale ukutani, penye pipa. Bibi anapataka kwa viazi vyake. Anasema ameishi kwenye mdomo wa mto huu miaka sabini na moja, na hajawahi kula waridi.

Nilimwambia waridi nalo lina haki ya jua.

"Haki! Nani kakwambia?"

Nilisema nitalipeleka kwenye maonyesho ya waridi, tarehe kumi na saba Agosti, daraja la watoto. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Haya. Likipata utepe, wowote ule, pipa linakaa. Lisipopata, napanda viazi Jumatatu yake. Na tawi jekundu lisiguswe, maana hilo ndilo tumaini lako."

La utepe nimelikubali. La tawi sikujibu. Kutojibu si kukubali. Nimeliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Alhamisi, 1 Agosti

Ukungu siku ya tano mfululizo. Shuka za jana bado mbichi kwenye kamba.

Naosha majani saa moja asubuhi, juu na chini ya kila jani, kutoa chumvi. Yanatakiwa yakauke kabla ya jioni. Yatakaukaje bila jua? Nayapepea kwa gazeti! Jirani akipita anafikiri nimerukwa na akili. Afikiri.

Jumanne, 6 Agosti

Kutu, ugonjwa wa majani. Majani tisa yana vidoa vya rangi ya chungwa upande wa chini. Nimeyachuma, nikayafunga kwenye mfuko na kuyatupa mbali na bustani.

Tawi jekundu halina doa hata moja. Linang'aa.

"Mwone mwenye afya," Bibi akasema. Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema kwa kejeli.

Kwa dakika moja — niandike ukweli — nilifikiri labda anasema kweli. Linachanua bila kubembelezwa. Mtu yeyote angelipenda. Ndiyo maana linatisha.

Jumatano, 14 Agosti

Nimelikata!

Leo asubuhi niliona tumba bora la Verna limeinama. Halikuwa na kiu, nilimwagilia vizuri. Ni njaa. Nikaenda kuchukua mkasi, nikaupangusa kwa spiriti kama nilivyofundishwa, nikapiga magoti. Tawi lilikuwa nene kama kidole gumba. Ilibidi nikate mara tatu.

Bibi alitoka na unga mikononi, alikuwa anakanda mkate wa iliki.

"Aila! Nilisema nini?"

"Ulisema lisiguswe. Mimi sikusema ndiyo."

"Mjeuri we! Umetoa wapi ulimi huo?"

"Kwako, Bibi."

Bibi alipangusa unga mikononi. Aliokota tawi, akapuliza udongo, akalitia kwenye jagi juu ya meza ya jikoni. Matumba mawili yalikuwa bado yamefumba. Tumekula mkate huku yakitutazama.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumba lililoinama limenyanyuka! Nimelikata saa kumi na mbili asubuhi, umande ungalipo. Shina refu, majani matano safi. Si kubwa. Lakini michirizi imekaa sawasawa, na petali moja ni nyeupe nusu, nyekundu nusu, kama mtu alipiga mstari kwa rula.

Nimelipeleka kwa Bi Pruitt, ana friji gerejini ya waridi peke yake. Hakuna tufaha, hakuna ndizi, matunda huzeesha maua. Amelitazama kupitia miwani na bila miwani.

"Utepe mwekundu, wa mshindi wa pili, huenda," akasema. "Wa bluu, wa kwanza, sikuahidi. Lakini ni lenyewe."

Amenikumbusha sheria zote. Ua liwe limekuzwa na yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya chupa. Jina liwe sahihi. Ua lililobadilika rangi shambani haliingii kwa jina la kichaka kilicholizaa. Nikasema hiyo hainihusu, langu lina michirizi yake.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa tano na robo. Ninaandika kwenye kiti cha nyuma, jumba la mikutano la Wafini, maonyesho yanapofanyika. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili tuliweka maua mezani, kila moja kwenye chupa yake na kadi iliyokunjwa. Niliandika kwa herufi kubwa: VERNA MDOGO. Aila Niskanen, miaka 13. Bi Pruitt akaniita nimbebee ndoo. Nilikwenda dakika kumi, labda kumi na tano. Bibi alibaki mezani kulinda.

Saa tatu tulitolewa nje ili waamuzi wapite. Saa tano milango ikafunguliwa.

Utepe wa bluu kwenye kadi yangu!

Nilikimbia. Nikasimama.

Kwenye chupa yangu kulikuwa na ua jekundu. Jekundu tupu.

Mwamuzi wa daraja letu ametoka bara. Hajawahi kumwona Verna maisha yake yote. Angejuaje?

Nikamvuta Bibi pembeni.

"Bibi, liko wapi langu?"

"Hilo si lako? Limetoka kwenye pipa lako."

"Si Verna hilo."

"Kichaka kimoja, jina moja. Wajukuu wangu wote ni Niskanen, mwenye nywele nyeusi na mwenye nywele za manjano."

"Waridi si ukoo, Bibi!"

Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema polepole kwamba aliliona la msichana mmoja wa mji wa Salem, kubwa kama sahani. Langu kando yake lilikuwa kama kifungo cha shati. Roho ikamuuma. Mawili mekundu ya kwenye jagi alikuwa ameyaficha ndani ya kikapu, chini ya mkate, akijiambia hatayatoa. Akatoa moja.

"Nilitaka pipa likae," akasema.

Yeye ndiye wa viazi!

Bi Pruitt alikuwa amefika na ameona. Nilingoja apige kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kadi ina jina la nani?"

"Langu."

"Haya." Akarudi kwenye maua yake.

Saa tano na nusu. Anayepokea malalamiko ni katibu, Bi Tolonen. Ameenda kuchukua kahawa. Yeye na Bibi wameimba kwaya kiti kwa kiti tangu Mama hajazaliwa. Nikisema, lazima niseme ni nani aliyebadilisha. Nisiposema, jekundu litaandikwa kwenye kitabu cha washindi kuwa ndilo Verna, na mwakani mtoto mwingine akileta lenye michirizi ataambiwa anasema uongo.

Nimetoa utepe kwenye kadi. Uko mapajani mwangu. Nimemwambia Bibi: nitasema. Na Jumatatu pipa halitoki. Utepe ama bila utepe, viazi atafute pengine, hata kama itabidi niketi juu ya udongo kuanzia alfajiri.

"Utaniaibisha mbele ya Tolonen," akasema.

"Nitasema ulifanya kwa ajili yangu."

"Hiyo ndiyo aibu yenyewe."

Amefungua kikapu. Verna yumo, amelala kwenye leso iliyoloweshwa. Hakumtupa. Petali ya nusu kwa nusu imepata mkunjo.

Bi Tolonen huyo, ametokea mlangoni na kikombe chake. Nimesimama, naandikia juu ya goti nililoinua, herufi zinakwenda upande. Kadi ninayo. Bibi amenishika mkono wa sweta. Ana magoti mabaya. Sijui kama ananizuia, au anataka nimvute ainuke twende naye.