Simu Iliyompima Mwenyekiti

Pangani, Kibaha

Kwa Bibi yangu, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba, halafu ukaongeza chini chini, "mume gani huyu haji kuniona." Nakuja, ila si leo, na sababu utaisikia humu humu. Kwanza nipe hali. Miguu inasemaje? Kile kikohozi cha alfajiri kimekuachia? Na eda unaionaje, maana mtu uliyezoea kushindana na nguruwe pori kwenye mihogo, leo kushinda ndani na tasbihi si kazi ndogo. Mimi mzima. Nimenenepa. Hapa kwenye banda la kuku wananiita bosi, ingawa bosi mwenyewe yupo na anasikia.

Zuhura mdogo wangu, wewe unayesoma, soma kwa sauti na usiruke mstari. Palipoandikwa Baba, soma Baba. Na kama Baba Mwenyekiti yuko hapo barazani anajifanya anachonga mpini wa jembe, pandisha sauti kidogo.

Bibi, Kibaha si Ulaya. Mtu akitoka Kisarawe asubuhi, akapitia mjini, mchana anakula kwangu. Lakini tangu arobaini ya Babu mimi naona nimehamia ng'ambo. Nikimpigia Baba, simu inaita mara mbili inakatwa. Jana ndiyo akamtuma Baba Mdogo Shomari, aliyekuja kuchukua vifaranga akalala kwangu, aniletee maneno. Baba Mdogo akasimama mlangoni mwa banda, akakohoa kama hakimu.

"Kaka anasema washenga hawatoki," akasema. "Kongowe hakuendwi mpaka uje usimame mbele ya watu wale wale wa arobaini, useme ile simu ilisema uongo, na umwombe radhi."

"Na nikikataa?"

"Ukaoe kwa simu."

Nikamwambia, "Baba Mdogo, kanyaga kwanza dawa hapo mlangoni, usiniingizie maradhi, kuku hawa hawana chama." Akakanyaga. Halafu nikamjibu, na jibu lenyewe ndilo hili ninalokuandikia wewe: siji kuomba radhi.

Nisikilize, mke wangu, kabla hujaguna. Kongowe ninayosema ni hii ya kwetu Kibaha, si ile ya Dar. Kuna binti pale anaitwa Mwanaidi, anashona sare za shule, mkono wake ukishika cherehani utadhani inaimba. Nimeshakwambia habari zake, ukaniuliza kama anajua kupika mchicha wa nazi, nikakwambia anajua kuniambia nikapike mwenyewe, ukasema huyo anafaa. Baba yake ni mtu wa heshima. Amesema anasubiri eda yako iishe, kwa ajili ya adabu ya msiba. Ikiisha hajaona wazee wa Kisarawe kizingitini kwake, basi yuko mwalimu mmoja wa Mlandizi ambaye watu wake wameshauliza njia ya kufika. Mwalimu, Bibi. Mimi nimeishia kidato cha pili, unaniona nitashindana na chaki?

Sasa hiyo simu. Mwanaidi ndiye aliyeniletea. Ni programu unaiweka kwenye simu, inakuuliza maswali ya nchi, nawe unabonyeza nakubali au sikubali. Ni kama ustadhi wa madrasa, ila huyu hana bakora. Ukimaliza inakuchorea mstari. Mwisho mmoja wanakaa watu wa utaratibu, wanaotaka mambo yabaki yalivyo. Mwisho wa pili wanakaa watu wa mageuzi. Halafu inaweka kidoti kukuonyesha wewe umekaa wapi.

Mimi nikamwambia Mwanaidi sina haja ya kupimwa, mimi mtoto wa Mwenyekiti wa tawi, siasa nimeinyonya. Akaniambia, "Umenyonya fulana na kofia. Jibu." Nikajibu nikiwa nimekaa juu ya gunia la maranda. Kidoti kikaenda kule kwa watu wa mageuzi, kikatulia kama kinapajua. Bibi, nilishangaa. Miaka yote nilidhani sina maoni. Nilidhani maoni ni kitu wanachopewa waliomaliza kidato cha nne, pamoja na cheti. Kumbe nilikuwa nayo, yamejaa, hakuna aliyekuwa ananiuliza. Siku ile nililisha kuku kifua mbele.

Tuje kwenye arobaini. Wewe ulikuwa ndani na eda yako. Ukasikia vicheko, halafu ukasikia Baba anafoka, halafu ukaambiwa Mrisho kamtukana baba yake mbele ya watu. Aliyekuambia alikuambia kwa kifupi. Mimi nakuambia kwa kirefu.

Watani wetu Wanyamwezi walikuja kama ada yao, mbele yao Mzee Maganga. Kavaa koti la Babu la kijivu, kavaa kofia ya Babu, anakokota mguu kama Babu, na kila mwanamume aliyepishana naye anamwita "mwanangu mpumbavu" kwa sauti ile ile ya Babu. Shangazi Mwajuma alilia na kucheka kwa pamoja. Mzee Maganga akachukua kiti, akakiweka mbele ya sufuria la pilau, akasema yeye ndiye marehemu, pilau ni lake, na halipakuliwi bila ruhusa yake. Akaniona nimeinamia simu.

"Wewe mjukuu, unachezea nini kwenye msiba wangu?"

"Napima watu upande wao wa siasa, Babu. Na wewe nikupime?"

"Mimi nimekufa, sina upande. Mpime mwanangu huyu Mwenyekiti, na asipopimwa wote mtalala njaa."

Sikia vizuri hapo, Bibi. Aliyesema Baba apimwe hakuwa mimi. Alikuwa marehemu mwenyewe.

Na Baba hakukataa. Alicheka. Akavuta mkeka, akakaa, akapangusa kanzu. "Pima," akaniambia, "ujue mti mkavu unavyosimama." Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma na kubonyeza, basi. Nikasoma: mwekezaji akitaka ardhi ya kijiji, wanakijiji waulizwe kwanza?

"Waulizwe," Baba akasema. "Makaburi yale ni ya nani? Baba yangu nimemzika pale juzi."

Watu wakaitikia, sawasawa Mwenyekiti. Nikabonyeza. Mkulima awe huru kumuuzia mazao yake mtu anayemtaka?

"Awe huru. Mkorosho niupulizie mimi, korosho niokote mimi, mgongo uniume mimi, halafu nipangiwe mteja?"

Wazee wakapiga makofi. Bibi, alikuwa anang'aa. Sijamwona Baba anasema vizuri vile hata siku za kampeni, maana siku za kampeni husema yaliyoletwa kwenye karatasi, na siku ile alisema ya kwake. Nikasoma: kiongozi aliyekaa sana madarakani apishe wengine?

"Apishe. Hata shamba hupumzishwa."

Nyuma huko mtu akakohoa, kwa sababu Baba ni Mwenyekiti wa tawi tangu mimi sijaota meno. Baba hakusikia, au alijifanya. Likabaki la mwisho, na naapa sikulichagua mimi, lilikuja lenyewe: mtoto afuate chama cha wazazi wake?

"Thubutu," akasema Baba. "Chama si kanzu ya kurithi. Mimi mwenyewe marehemu sikumfuata."

Nadhani hata yeye aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Mzee Maganga akainuka taratibu na koti lake la Babu, akasema kwa sauti ya Babu, wala si kwa mzaha sana, "Kweli hukunifuata, mwanangu. Vyama vilipokuja vingi mimi nikasimika mlingoti wangu wa bendera, wewe ukasimika wako, uwanja mmoja, na mama yako akafunga kamba ya nguo katikati."

Basi ndipo watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja alilalia mkeka. Mimi nilikuwa nimegeuka natazama kile kisiki tunachofungia mbuzi. Maisha yangu yote nimefunga mbuzi kwenye mlingoti wa Babu na sikujua. Kwa nini hamkuniambia?

Nilipogeuka, simu imeshamaliza. Mzee Maganga akainyakua, akaitazama mbali, akaitazama karibu, akaniuliza kidoti cha Mwenyekiti ni kipi na changu kilikaa wapi. Nikamwonyesha. Changu kilikuwa upande wa mageuzi. Cha Baba kilikuwa kimenipita, kimekwenda mpaka ukingoni, kidogo tu kidondoke kwenye sufuria.

"Mwenyekiti," Mzee Maganga akatangaza, "umehama chama na kiti chao bado umekikalia."

Baba akasimama. Uso umebadilika. Akaniambia mimi, si mtani, mimi: "Umenitega. Wewe na huyo mwanamke wako wa Kongowe mmenitega kwenye msiba wa baba yangu." Mzee Maganga akamkumbusha kuwa anayemkasirikia mtani hulipa jogoo, ndiyo ada. Baba akaondoka bila jogoo, bila pilau. Nikaachwa na sinia la watu wanne, nikalimaliza nusu, kwa masikitiko.

Na Zuhura ananiambia kwamba wewe huko ndani ulisikia yote dirishani, na ulicheka mpaka ukaziba mdomo kwa pindo la kanga. Usikane, mke wangu. Umekaa na marehemu umri mzima, una haki ya kucheka arobaini yake.

Sasa hoja yangu, na Zuhura hapa usome polepole. Baba anataka niseme simu ilisema uongo. Simu ilisema nini? Ilirudisha alichosema yeye. Nikisimama mbele ya watu niseme ni uongo, nitakuwa nimesema Mwenyekiti alikaa kwenye mkeka wa msiba wa baba yake akadanganya wazee. Hilo ndilo tusi. Mimi simtukani baba yangu, hata akinituma yeye mwenyewe.

Sisemi kidude hiki kinajua kila kitu. Siku moja nilishika ukucha wa jogoo nikabonyezea majibu, kikasema jogoo ni mtu wa utaratibu, na jogoo huyo kila siku anaruka ukuta. Kwa hiyo siitetei simu. Nayatetea yale majibu, hasa la mwisho. Abaki na bendera yake, nitakuja hata kumpakia mlingoti rangi. Kura yangu tu ndiyo ataniachia.

Na kuna jambo nilimuuliza Baba Mdogo tukiwa tunapakia vifaranga. Nilimuuliza, Baba alipotaka kumuoa Mama, ile milingoti ilikuwa miwili au mmoja? Akajifanya anahesabu maboksi. Nikamshikia boksi la mwisho mpaka aseme. Akasema ilikuwa miwili, na ilikuwa siku za uchaguzi, Babu na Baba hawasalimiani ila kwa kupitia kwako. Na siku ya posa, akasema, Babu alitangulia mbele ya washenga wote, kofia mpya, na kufika kwa wakwe hakuuliza mtu chama.

Ni kweli, Bibi? Wewe ndiye shahidi. Kama si kweli, nitumie neno, nami nitakuja kulala chini mbele ya Baba. Kama ni kweli, mwite hapo barazani umuulize kwa nini deni la heshima alilopewa na baba yake hataki kulipitisha kwa mwanawe. Mimi siwezi kumuuliza, mimi mwanawe. Wewe ulimbeba mgongoni.

Baba Mdogo anayekuletea barua hii amebeba na tenga. Ndani yake yumo jogoo, yule yule mtu wa utaratibu, nimemlea kwa mkono. Ni wa Baba. Sijamletea kama radhi, ieleweke. Ni kwa sababu ada ni ada, anadaiwa na watani, na kuku wa nyumbani najua wote ni wa kutaga. Ampeleke kwa Mzee Maganga, na wakishamla washike njia ya Kongowe wote wawili. Akimchinja akamla peke yake pia nitajua, maana Zuhura ataniambia.

Mama nisalimie, mwambie nakula, na simu yake anipigie akiwa kisimani ambako Mwenyekiti hafiki. Shangazi Mwajuma mwambie ile sahani aliyoniwekea ukoko niliiona na sijaisahau. Mzee Maganga akipita, mwambieni koti arudishe, arobaini imekwisha. Na mbuzi asihamishwe pale kwenye kisiki, ila afungwe kwa heshima zaidi.

Wewe, mke wangu, eda ikiisha na washenga wakiwa bado hawajatoka, toa kanga yako mpya kwenye sanduku. Nitakuja kukuchukua mwenyewe mpaka Kongowe. Utakaa kwenye mkeka wa wale watu uwaambie mke mkubwa amekuja kumposea mumewe mke mdogo. Nimeshakuomba ruhusa, na umecheka, nami nimehesabu umekubali. Baba akitaka kukuwahi, njia anaijua na jogoo anaye.

Mimi mumeo nisiyekulipa mahari hata siku moja,

Mrisho