Jibu Tuliloandika Wawili

Shosti, mwalimu mwenzangu wa fizikia amenikana. Mbele ya mkuu wa shule!

Lile swali la mtihani tulilitunga wote: sumaku ikitulia, koili ya waya ikasogezwa, umeme utatokea? Tukaandika ndiyo.

Leo mkuu anauliza nani kaandika jibu "la makosa", anataka kumtoa kwenye kamati ya mitihani. Mwenzangu akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Mimi nilimkataza."

Eti alinikataza! Mwandiko ni wake!

Nikaleta vifaa mezani. Nikasogeza sumaku, mshale wa mita ukacheza. Nikaituliza, nikasogeza koili, ukacheza vilevile. Nikawaambia chochote kisogee, sumaku au koili, umeme ni uleule.

Mkuu akaniomba radhi. Mwenzangu akanipigapiga begani: "Si nilisema?"

Shosti, nimehamisha vitabu vyangu meza nyingine.