Kikombe cha Baba Mdogo

Faisalabad, 3 Machi

Mdogo wangu Sadiq,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi wazima, mama anauliza kama unakula.

Nimejitoa kanisani, na nusu ya watu wamejitoa nami. Tunaabudu juu ya paa langu. Jumapili ya Meza ya Bwana nilikunywa, nikampa Baba Mdogo Barkat kikombe. Hakunywa. Akampitishia Bashir aliyekaa kando yake, watu wote wakiona! Hotelini tunawekewa vikombe vyetu kando kwa kuwa ni Wakristo, hilo nimezoea. Lakini baba yangu mdogo, kanisani, anione mchafu kwa sababu nazibua mitaro?

Kaka yako,
Inayat

Sharjah, 20 Machi

Kaka Inayat,

Shikamoo. Mimi mzima, mnene, na mzuri kuliko ulivyoniona mwisho. Bila mimi na kreni yangu, Sharjah ingekuwa bado mchanga mtupu. Mwambie mama nakula mpaka sahani inaomba msamaha.

Sasa wewe. Kanisa juu ya paa! Mkipiga ngoma si dari itawaangukia kuku? Shule niliishia la tatu, mwalimu alichoka kabla yangu, lakini hili nalijua: ulipozimia mtaroni kwa ile hewa mbaya, Baba Mdogo ndiye aliyekuvuta, akakupulizia pumzi mdomo kwa mdomo. Na masharubu yako yale! Leo aogope kikombe? Kuna jambo. Nenda kamuulize. Ukiona aibu, beba jalebi tamu, uulize huku unatafuna.

Mdogo wako,
Sadiq, Simba wa Sharjah

Sharjah, 2 Juni

Kaka,

Shikamoo. U mzima? Mbona kimya?

Bashir kaniambia kwa simu mnaimba Zaburi ileile saa ileile, ninyi juu ya paa, wao kanisani, kila upande ukipaza sauti kuwafunika wenzake. Eti majirani wanauliza kama Mungu wenu ni kiziwi. Nilicheka. Kisha nikajifungia chooni nikalia, dume zima, kreni ikinisubiri. Tulivyo wachache hivi, kaka, tunagawana nini?

Umemuuliza?

Mdogo wako,
Sadiq

Faisalabad, 15 Agosti

Sadiq mdogo wangu,

Salamu. Mama yupo, ila hali chakula.

Baba Mdogo tumemzika juzi. Sikuwahi kumuuliza. Mama Mdogo kaniambia msibani: kifua kikuu, tangu majira ya baridi. Walificha ugonjwa ili posa ya binti yao isivunjike. Kikombe alikipitisha asije akawaambukiza waliomfuata. Alikuja kunieleza, pumzi ikamwishia katikati ya ngazi, akarudi. Sisi huko juu tulikuwa tunaimba kwa nguvu. Hatukumsikia akikohoa.

Leo tumerudi kanisani wote. Nilikunywa, nikageuka kumpa. Mahali pake pako wazi, hakuna aliyethubutu kukaa hapo. Nikabaki nimenyoosha mkono wenye kikombe, mpaka Bashir akasogea akakipokea.

Niandikie utani, mdogo wangu, hata wa uongo.

Kaka yako,
Inayat