Siku ya Peasi la Kwanza

Marahaba, mjukuu wangu Elia! Hapa Mlalo hatujambo, babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza nilizaliwa lini. Baba na Mama walilea watoto wao pamoja na yatima na waliotupwa. Wengi hawakujua siku yao, basi sote tulisherehekea kuzaliwa peasi la kwanza likiiva!

Mwaka mmoja wa Ujamaa aliletwa Tabea, akakaa miezi bila kusema neno. Asubuhi moja tukasikia sauti ngeni juu ya mti wa mapeasi: "Limeiva!" Kumbe Tabea! Tulipiga vigelegele, Mama akilia na mwiko mkononi.

Nikamuuliza, "Mama, mimi ulinizaa au nililetwa?"

"Wewe? Umezaliwa leo, pamoja na Tabea."

Sikuuliza tena. Elia, peasi la kwanza liliiva jana. Nipongeze!

Bibi yako