Mama Mukubwa Alikataa Kusema

Butembo, tarehe 12 mwezi wa tisa 2024

Mupendwa yaya Salomon, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe, muke wako mama Julie na batoto. Ile homa ya Shalom ilipona? Huko Lubumbashi kazi inaendelea? Sisi huku tuko bazima kwa mwili. Kwa roho, hapana.

Nakuandikia juu ya mudogo wangu Zorobabel. Jumatatu bamemukatia miaka saba ya gereza.

Unajua kazi yake ya jeshi: kubaki chini na radio, kuongoza helikopta. Pilote akiwa juu haone batu vizuri. Mutu wa chini ndiye anamwambia basoda betu bako wapi, adui iko wapi, apitie upande gani. Asiposema "piga," pilote hapige.

Mwezi wa tano, juu ya Mutwanga, basoda balishambuliwa, Zorobabel akaita helikopta. Waasi balikuwa bameingia shamba ya kakao. Helikopta ilishaanza kushuka wakati aliona, kwa darubini, kitambaa cha kichwa, halafu kingine. Bamama tisa, bamelala chini ya kakao na vikapu vyao. Akasema kwa radio: "Acha, acha, acha." Pilote akapita bila kupiga. Mukubwa wake alimunyanganya radio, lakini waasi balikuwa bamekwisha kutoroka.

Yaya, mama yako, mama mukubwa Florentine, alikuwa kati ya bale tisa. Alinihadithia mwenyewe kwa simu kesho yake, akilia: "Wasingya, asante, Mungu alituona."

Siku ile ile bale waasi bakaua basoda bane barabarani. Basi Zorobabel akashitakiwa kwamba anawatumikia waasi, eti shambani hamukuwa raia, waasi tu.

Nilipanda moto, pikipiki ya kulipa, mara tatu mpaka Mutwanga kuomba bale bamama batoe ushahidi. Banane balijificha. Mama mukubwa alisimama mulangoni, hakunikaribisha ndani.

"Katungu, mimi siku ile sikuwa shambani."

"Mama, ni wewe ulinihadithia."

"Nikisema niliona waasi, nitalala wapi hapa? Rudi, mutoto yangu."

Akanifungia ndizi za safari. Nilizimupa mutu wa moto.

Woga naujua, yaya. Huku kila mutu anauishi. Lakini Jumatatu waamuzi baliuliza kama kuna shahidi, na Zorobabel akageuka kuangalia mabenchi. Nilikuwa pale peke yangu, na mimi sikuona kitu.

Sikuombi umugombeze mama yako. Alinilea, siwezi kukuomba hivyo. Naomba tu usiniambie tena, kama ulivyoniambia kwa simu, kwamba Mungu ndiye alimuokoa.

Baba yangu Ésaïe anakusalimia. Busu kwa Ariel na Shalom. Mungu akutunzie mama, aishi miaka mingi.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,

Katungu